Nyota nne kwa sekretariati iliyoifuta momenta yangu

Bei kwanza, maana najua ndiyo iliyowaleta hapa. Ukurasa wa maneno matupu ni franka 300, ukurasa wa milinganyo 700, fotokopi 100, kujalidi kwa spirali 2,000. Jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu halina bei ya ukutani. Hilo utazungumza na Mama mwenyewe, na utazungumza sana. Hizo ndizo nilizolipa mwezi uliopita. Kama zimepanda tangu hapo, msinililie mimi.

Sekretariati yenyewe, yaani duka la kuchapa na kufotokopi, iko kando ya barabara ya Kasapa hapa Lubumbashi, katikati ya muuza yuniti na mama wa bukari na vitoyo. Kibao chake kimeliwa na jua, hakisomeki tena, na sitaandika jina kwa sababu nitakayoyasimulia si sifa tupu. Tafuteni mlango wa bluu wenye mashini ya fotokopi inayonguruma kama taksi-bisi inayokataa kuwaka. Ndani kuna kompyuta mbili, benchi moja, Mama mwenye duka, na kijana wa kuchapa ambaye kila Ijumaa huvaa jezi ya Mazembe.

Mama hakusoma hesabu za juu, lakini ana sheria yake ya kuzitambua: kitu kikipanda juu ya mstari au kikishuka chini yake, ukurasa mzima ni wa 700. Nilimwambia hata kinamba cha tanbihi kinapanda. Akaushika ukurasa, akautazama kwa mbali kama mtu anayekagua noti.

“Mutoto yangu, basi na ule unalipa.”

Nilijitakia mwenyewe.

Mara yangu ya kwanza pale ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa na memwari (tasnifu) ya lisansi ya fizikia, kurasa 68 za mkono, kalamu ya bluu, kwa sababu kompyuta sikuwa nayo. Kichwa chake kilikuwa kirefu kama kawaida yetu, lakini kiini chake ni hiki: mlinganyo wa Dirac unageukaje tukikubali kwamba ulimwenguni kuna urefu mdogo kabisa, ambao chini yake neno “hapa” halina maana?

Nieleze kidogo, la sivyo hamtaelewa kwa nini nililia pale dukani. Paul Dirac aliandika mlinganyo wake mwaka 1928 ili elektroni itii kwanta (fizikia ya vitu vidogo mno) na nadharia ya Einstein kwa wakati mmoja. Ni mlinganyo mzuri mno, ila unachukulia kwamba nafasi unaweza kuikata nusu, na nusu ya nusu, bila kukoma. Wapo walioona mapema kwamba huenda mkasi utagota mahali. Max Planck mwaka 1899 aliona kwamba ukichanganya kasi ya mwanga, mvutano wa Newton na namba yake mpya, unapata urefu, ambao leo tunauandika mita 1.6 × 10⁻³⁵. Mwaka 1936 Matvei Bronstein, wa Umoja wa Kisovieti, akaonyesha kwamba mvutano unaweka mpaka kwenye kupima kwenyewe. Ukitaka kuona kitu kidogo unahitaji nishati kubwa, na ukirundika nishati kubwa mahali padogo mno panajifunga, panakuwa shimo jeusi, na ulichotaka kukiona kimo ndani.

Njia niliyoifuata mimi ni ile ya Achim Kempf, Gianpiero Mangano na Robert Mann, ya mwaka 1995. Kwenye kwanta ya kawaida, nafasi na momenta (tungamo mara mwendo) zimefungwa pamoja na ħ, yaani h, namba ya Planck, ikigawanywa kwa 2π: ukibana kimoja, kingine kinafura. Wao waliongeza kipande kimoja tu: [x, p] = iħ(1 + βp²), x ikiwa nafasi, p momenta, na β namba inayopanga ukubwa wa ule urefu mdogo. Kipande hicho kidogo kina nguvu ya ajabu. Ukibana nafasi, momenta inafura kama zamani, lakini momenta ikishafura sana ile βp² inaamka na kuanza kuifurisha nafasi pia. Kwa hiyo pana mahali pa chini ambapo huwezi kupita, nako ni ħ mara kipeuo cha pili cha β. Nilipoikokotoa mara ya kwanza, kwa mshumaa, nilimwamsha dada yangu. Hakufurahi.

Basi, nikampa kijana kurasa zangu siku ya Jumatatu. Jumatano nikarudi. Ukurasa wa 4, mlinganyo wa Dirac wenyewe, ulikuwa hivi: ( − mc)ψ = 0.

Nikauliza momenta yangu iko wapi. Kijana, ambaye huniita Yaya, yaani mkubwa wake, akajibu:

“Yaya, ile ulikata mwenyewe. Kitu mutu alikata, sisi hatuiandike.”

Wenzangu wa fizikia wameshacheka, wengine nisubirini. Kwetu, herufi p yenye mstari wa mshazari juu yake haijafutwa. Ni mkato wa Richard Feynman: vipande vinne vya momenta, nishati ikiwa kimojawapo, vimezidishwa kila kimoja na matriki (jedwali la namba) yake ya Dirac, vikajumlishwa, vikafungwa ndani ya herufi moja ili mkono usichoke. Kijana alikuwa ameona p iliyopigwa kalamu, akaiheshimu kalamu. Na kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa kweli kabisa kihesabu: tungamo mara wimbi ni sifuri, yaani ama chembe haina tungamo, ama hakuna chembe. Aliufuta ulimwengu kwa adabu.

Ile ħ nayo ilipona nusu. Mstari wake wa juu alidhani kalamu iliteleza, akaandika h tupu kila mahali. Tofauti ya hizo mbili ni 2π, na si tofauti ya kudharau: urefu wa Planck ukiutafuta kwa h badala ya ħ unatoka 4.05 badala ya 1.6. Lakini lililonimaliza ni ukurasa wa 9. Kipeo kilikuwa kimeshuka kwenye mstari, na sentensi yangu tukufu kuhusu kitu kidogo kuliko vyote ikasomeka kwamba urefu wa msingi ni 1,6 × 10-35 m. Mita kumi mpaka thelathini na tano. Hiyo ni parseli ya kujenga nyumba, na choo cha nje.

Hapo ndipo ningetoa nyota moja na kwenda zangu. Nilikuwa nimeshachukua mfuko. Mama akasimama mlangoni, akaniuliza kitu kimoja tu: hiki ulichoandika kinahusu Shinkolobwe? Hapa kwetu ukisema fizikia ya atomu kila mtu anafikiria uranium iliyochimbwa kule upande wa Likasi ikaenda kwa Wamarekani. Nikasema hapana, hakina uranium ndani yake. Akasema vizuri, basi keti, tutasoma kwa rula.

Kusoma kwa rula ndiyo huduma ya kweli ya duka hili, na haimo kwenye orodha ya bei. Mama anashika karatasi zako za mkono, kijana anakaa kwenye kompyuta, wewe unakaa kwenye benchi. Rula inawekwa chini ya mstari wa kwanza. Kijana anasoma alichokichapa kwa sauti, umbo kwa umbo, Mama anafuata kwa kidole. Hawajui maana, wanajua maumbo, na kila umbo wamelipa jina. ψ ni uma. ∂ ni sita ya kurudi nyuma. ω ni w ya kunona. β ni B ya mkia, η ni n ya mkia, na toka siku ile ħ ni h ya msalaba, na p ya Feynman ni p ya kuchomwa kisu. “Fungua mabano, p ya kuchomwa kisu, toa, m, c, funga mabano, uma, sawa na zero.” Ukisikia mlinganyo wa Dirac unasomwa hivyo saa kumi na moja jioni, na nje mtu anauza mayai ya kuchemsha, unaukumbuka maisha yako yote.

Tena wana jicho. Kwenye sura ya tatu nilikuwa na namba ya hidrojeni: mruko wa elektroni kutoka ngazi ya 1S kwenda 2S, uliopimwa Garching, Ujerumani, na kutangazwa mwaka 2011. Hezi 2 466 061 413 187 035, na shaka ni kama hezi kumi tu mwishoni. Namba kama hiyo ni polisi kwa watu wa kazi yangu, maana urefu wa msingi ungekuwa mkubwa, ngazi za hidrojeni zingesogea na tungeona. Fabian Brau alishaifanya hesabu ya aina hiyo mwaka 1999 kwa vipimo vya wakati wake, akapata kwamba urefu huo hauwezi kuzidi femtomita 0.01 (femtomita moja ni mita 10⁻¹⁵). Ni mpaka wa maana, ingawa kutoka hapo kushuka mpaka kwa Planck bado kuna sifuri kumi na nane. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeruka tarakimu moja. Rula ya Mama ilinikamata: ukurasa wa 31 ulikuwa na tarakimu kumi na sita, wa 44 kumi na tano. Profesa wangu alikuwa ameusoma mara mbili na hakuona.

Sasa kosa kubwa, lile lililogharimu nyota ya tano.

Siku tatu kabla ya kutetea kazi, asistenti mmoja alinishauri nibadili ile β ya urefu. Alikuwa na haki. Dirac ana β yake tangu mwaka 1928, matriki inayokaa mbele ya mc², na mimi nilikuwa na β mbili zinazogombania kiti kimoja. Nikamwambia kijana: β igeuke η. Akabonyeza mara moja, kompyuta ikabadilisha sehemu 94, akatabasamu. Na mimi, mpumbavu, nikatabasamu. Rula haikutumika, kwa sababu tulidhani mashini haikosei.

Alikuwa amezibadilisha zote, za kwangu na za Dirac. Nakala tatu zilichapwa, zikajalidiwa, zikapelekwa, zikiwa na ηmc² kila ukurasa. Kwa macho ni herufi tu. Lakini η yangu si matriki, ni namba yenye vipimo vyake, kwa hiyo nilikuwa nimezidisha nishati ya elektroni na kitu kinachoifanya isiwe nishati tena. Mjumbe mmoja wa jopo akaniuliza kwa upole mkubwa, upole ule unaotisha, kama kwenye dunia yangu vitu hupimwa kwa kilo. Niliuliza Mama baadaye kama atanirudishia pesa. Akasema kubadilisha nilikotaka mimi si kosa la duka. Tulibishana. Akanipa fotokopi hamsini za matabishi, yaani za bure, na mimi nikapokea, kwa hiyo kesi imekwisha, ila nyota sirudishi. Mtu akikuagiza ubadilishe herufi moja kwenye kitabu cha watu wawili, muulize ni ya nani.

Kuhusu umeme sina mengi. Unakatika, jenereta yao ni ndogo, inaendesha kompyuta lakini haiwezi fotokopi. Nendeni asubuhi.

Hata hivyo, ni gizani mle nilipopata swali bora kuliko yote ya jopo. Mwezi uliopita, nimerudi na kazi yangu ya pili, tuko kwenye benchi tunasubiri umeme, kijana (ni baba wa mtoto mmoja sasa, lakini bado ananiita Yaya) akauliza huo urefu mdogo unatusumbua wapi sisi watu wakubwa. Nikachukua karatasi iliyoharibika. Ukiweka urefu wa Planck ndani ya ile kanuni ya 1995, momenta ambapo mambo yanaanza kugeuka haitoki ndogo. Inatoka kilo 6.5 mara mita kwa sekunde. Nikaangalia jezi yake. Mpira wa miguu una gramu kama 430. Upige uende mita 15 kwa sekunde, mwendo ambao kila mchezaji wa Mazembe anaufikia pale Kamalondo bila kutoka jasho. Zidisha.

Alizidisha kwenye simu. “Yaya, ni sita nukta nne tano. Sasa mbona mpira hauone kitu?”

Ndiyo hiyo. Hata watu wa fani wameliita tatizo la mpira. Kama kanuni ingeugusa mpira kama inavyoigusa elektroni, kila shuti lingekuwa muujiza. Jibu la kawaida ni kwamba mpira si chembe. Una atomu zaidi ya 10²⁵, na kila moja imebeba kamomenta kadogo sana, mbali na hatari. Kanuni inamgusa mmoja mmoja, haiugusi umati. Ni jibu zuri mpaka uulizwe zinajumlishwaje momenta ambazo kila moja imepindwa kidogo, na hapo watu wa fani hawakubaliani mpaka leo. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaridhika kuliko jopo langu la 2016.

Kazi yangu ya sasa inatafuta kitu kile kile kwa njia nyingine. Badala ya kupinda kanuni, naikata nafasi yenyewe vipande vipande, kama wavu wa atomu. Kwa mtu wa Lubumbashi mfano uko mlangoni. Shaba ni wavu, vijisanduku vyenye upande wa nanomita 0.361, na wimbi linalosafiri ndani yake haliwezi kubeba habari fupi kuliko nafasi za wavu huo. Ukiandika Dirac kwenye wavu, p haiwi p tena, inakuwa sini ya p, ile ya trigonometria inayopanda na kushuka kama wimbi. Kwa mawimbi marefu hutaona tofauti. Lakini sini, ikipanda, inarudi sifuri upande wa pili, na pale inaporudi sifuri panazaliwa elektroni nyingine ambayo hukuiita. Kwenye kipimo kimoja zinakuwa mbili. Kwenye vipimo vyote vinne, pamoja na wakati, zinakuwa kumi na sita. Nilipolieleza hili dukani, Mama alielewa mara moja kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweleza: umeagiza moja, mashini imekutolea kumi na sita, nani atalipa hizo kumi na tano? Kenneth Wilson alizitafutia dawa, akaziongezea uzito mkubwa mpaka zisionekane chini, lakini dawa yake inavunja ulinganifu mmoja ambao elektroni isiyo na tungamo huupenda. Na mwaka 1981 Holger Nielsen na Masao Ninomiya walionyesha kwamba huwezi kuziondoa bure. Lazima utoe kitu. Huyo Mama angeajiriwa nao.

Mashini yao ya kuchapa nayo ilinifundisha, bila kukusudia. Ni ya nukta 600 kwa inchi, yaani kila nukta ni milimita 0.042, na imechoka. Mistari ya kulala inatoka safi. Ya kusimama, safi. Ile ya mshazari, iliyoichoma p kisu, ukiitazama kwa lenzi ina ngazi kama za kupandia dari. Hilo ndilo pingamizi zito dhidi ya wavu wowote: una pande unazozipenda. Ulimwengu, kwa kadiri tulivyoupima, haupendi upande. Nimeufanya ukurasa ule kielelezo namba 2. Mama alitaka kuuchapa upya bila malipo, nikakataa, akanitazama kama mtu aliyekataa chenji.

Tena kuna lile la vitenge, nalisema haraka. Mama aliuza vitenge kabla ya karatasi. Nilipomwambia kwamba kwa Einstein rula inayokimbia huonekana fupi, akasema basi urefu wako mdogo kabisa, mtu akipita mbio ataukuta mdogo zaidi, na sasa ni upi wa kweli? Swali hilo lilimkalisha Hartland Snyder mpaka mwaka 1947, alipoonyesha kwamba inawezekana urefu wa chini usimsaliti Einstein, ila kwa masharti: kupima x na kupima y kuache kuvumiliana, ukianza na hiki kile kinachafuka. Mama hakuyapenda masharti. Alisema kitambaa chenye urefu na upana visivyopatana hauzi.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Wino wao ni mweusi tu. Mwaka 2016 nilikuwa na mchoro mmoja muhimu kuliko memwari yote: ngazi za nishati za kile kinachoitwa oskileta ya Dirac (elektroni ya Dirac iliyofungwa kama kwa springi), alichokibatiza hivyo Marcos Moshinsky na mwenzake mwaka 1989, bila urefu wa msingi kwa buluu, na nao kwa nyekundu. Christiane Quesne na Volodymyr Tkachuk walishalitatua mwaka 2005, mimi nilirudia kwa kipimo kimoja. Bila urefu huo, ngazi za juu zinakaribiana, kwa sababu nishati inapanda kama kipeuo cha pili cha n. Ukiuweka, ndani ya mraba wa nishati inaingia n kwa mraba, na huko juu ngazi zinaacha kubanana, zinapanda kwa hatua karibu sawa. Ndiyo matokeo yangu yote. Yalitoka kijivu na kijivu. Wekeni mistari ya vidoti, msiwe kama mimi.

Flashi zenu zisafisheni kwanza, kompyuta ya kushoto ina virusi vya kizazi cha tatu. Kompyuta ya kulia ina kihariri cha milinganyo, na kijana sasa anakijua vizuri; safari hii kurasa 112, makosa manne, yote tuliyapata kwa rula. Ukimwambia β ibadilike anauliza “ya mkia ya nani?” kabla hajagusa kitufe. Jumapili wamefunga. Usilipe yote mwanzo, lipa nusu.

Zile nakala tatu za jopo la 2016 zilikuwa na h tupu mia na kitu tulizozigundua usiku wa mwisho, umeme hakuna, na kijana alizipitia moja moja kwa kalamu nyeusi na rula, akizichora msalaba kwa tochi ya simu. Yangu mimi, ya nne, aliipitia mwisho, amechoka. Mwezi uliopita niliibeba niwaonyeshe. Nikafungua ukurasa wa 37, mstari wa sita: h tupu, bila msalaba. Akacheka, akachukua kalamu, akauweka.

Mama, kutoka kwenye fotokopi, bila kugeuka: “Hiyo ni mia moja.”